Sekunde Moja na Nusu kwa Mwaka: Stori ya Mbio Ambayo Wagusii Tumeisahau

Swali la haraka kabla hatujaanza. Nani alileta nyumbani dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya? Usiingie Google. Jibu kutoka kichwani.

Kama umesema Kipchoge Keino, umekosa kwa wiki moja. Keino alishinda mita 1,500 kule Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Siku saba kabla, tarehe 13, mwanajeshi mmoja kutoka upande wa Nyamira alikuwa tayari ashashinda mita 10,000. Jina lake ni Naftali Temu.

Hilo swali nimeliuliza sana hapa Birongo. Nimewauliza watu wa boda pale stejini. Nimewauliza mashabiki wa Arsenal, wale wanaokumbuka hadi mabao ya msimu wa 2004. Wengi hunitazama tu. Mtu wa kwetu alisimama juu ya ngazi ya kwanza ya dunia, wimbo wa taifa ukapigwa Olimpiki kwa mara ya kwanza kwa sababu yake, na sisi tunaokaa umbali wa matatu moja tu kutoka kwao hatumjui.

Sasa, mimi sina digrii ya historia. Chuo niliacha na leo naishi kwa kutengeneza video. Lakini nimekaa na namba za wakimbiaji wetu kwa muda, nikizipiga hesabu kwenye simu, na kuna kitu ndani yake ambacho kila kijana mwenye ndoto kubwa anafaa kukiona. Sikuletei motivesheni leo. Nakuletea hesabu.

Mtu aliyekimbia peku

Tuanze na Nyandika Maiyoro.

Mwaka ni 1954. Kenya bado ni koloni, Hali ya Hatari imetangazwa, na chama cha riadha cha Kenya kina miaka mitatu tu tangu kiundwe. Huko Ulaya wengi wanaamini kwamba Mwafrika anaweza mbio fupi, lakini ndefu hana akili ya kuzipanga wala subira ya kuzimaliza. Ndivyo ilivyosemwa, na watu waliosoma ndio waliosema.

Julai mwaka huo Maiyoro anafika uwanja wa White City, London, kukimbia maili tatu. Peku. Mwanzoni anaondoka kwa kasi, anawaacha Waingereza kwa mbali, na watu uwanjani wanamshangaa. Baadaye Fred Green na Chris Chataway wanamfikia na kumpita, na wote wawili wanamaliza kwa muda wa rekodi ya dunia. Maiyoro anakuwa wa tatu. Wiki chache baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya kule Vancouver, anakuwa wa nne.

Wa tatu. Wa nne. Kwa macho ya leo hiyo si kontenti. Hakuna mtu angepiga skrinshoti.

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1956 Kenya inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne. Maiyoro anafika fainali ya mita 5,000 na kumaliza wa saba kwa dakika 14 na sekunde 19. Mshindi, Vladimir Kuts wa Urusi ya Kisovieti, amemtangulia kwa sekunde 39. Hiyo ni nusu ya raundi na zaidi. Mshindi angeweza kufunga kamba za viatu akimngoja.

Miaka minne baadaye, Roma 1960, umbali ule ule. Maiyoro anamaliza wa sita.

Ukisoma nafasi peke yake utasema: miaka minne yote hiyo, amepanda ngazi moja tu? Kutoka saba hadi sita? Si angeacha tu?

Sasa soma saa. Roma alitumia dakika 13 na sekunde 52. Amekata sekunde 26. Na safari hii mshindi, Murray Halberg wa New Zealand, amemshinda kwa sekunde 9 na kitu, si 39 tena.

Kati ya fainali ya Melbourne na ile ya Roma kuna zaidi ya siku 1,300. Gawanya sekunde 26 kwa siku hizo. Unapata kama sehemu mbili za mia moja za sekunde kwa siku. Msee, hiyo hata saa ya simu yako ikiwa mkononi huwezi kuinasa. Hakuna siku hata moja kati ya hizo ambayo Maiyoro angeamka na kusema, "Leo nimeona tofauti." Najua mbio si hesabu ya darasani, kuna upepo, kuna wapinzani, kuna siku mwili unakataa. Lakini pointi inabaki. Tofauti ilikuwa inajengwa siku ambazo haikuonekana.

Wazee wetu wa Kiswahili walishaliweka kwa maneno manne: bandu bandu huisha gogo. Ukilitazama gogo baada ya shoka la kwanza, utaona ni lile lile.

Kutoka nafasi ya sita hadi dhahabu

Maiyoro hakuwahi kupata medali ya Olimpiki. Lakini hakuwa peke yake tena. Mwaka 1958, Cardiff, Mgusii mwingine, Arere Anentia, alipata shaba ya maili sita kwenye Michezo ya Jumuiya. Kijana aliyekuwa anakua Nyamira wakati huo alikuwa na kitu ambacho Maiyoro hakuwa nacho: jina la mtu wa kwao la kuiga.

Temu naye hakuanza na dhahabu. Alikwenda Tokyo mwaka 1964 akarudi mikono mitupu, na Mkenya aliyepata medali safari hiyo alikuwa Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800. Wengi wetu tungeishia hapo. Umekwenda Olimpiki, umepiga picha, umerudi, unahadithia watu miaka 30. Temu alirudi jeshini na kuendelea kukimbia. Mwaka 1966 kule Kingston, Jamaika, alishinda maili sita mbele ya Ron Clarke wa Australia, mtu aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000.

Halafu ikaja Mexico City. Mji uko mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, hewa nyepesi, wakimbiaji wa nchi za chini wanaanguka kama maembe. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita na kuzimia. Keino, aliyekuwa na maumivu ya tumbo, alianguka zikiwa zimebaki raundi chache. Kwenye raundi ya mwisho wamebaki Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Wolde anatangulia. Temu anamfuata, na mita za mwisho kabisa anampita. Dakika 29, sekunde 27.4. Wolde, 29:28.0.

Sekunde 0.6. Baada ya kilomita kumi.

Kuna wanaosema ni milima iliyompa. Kweli, milima ilisaidia. Kisii mjini penyewe ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Lakini Wolde pia alikuwa mtu wa nyanda za juu, na kwao ni juu kuliko kwetu. Hewa ilikuwa imewapa wote wawili zawadi moja. Zile 0.6 zilitoka mahali pengine. Na siku nne baadaye, mwili ukiwa bado umechoka, Temu aliongeza shaba ya mita 5,000.

Mwaka 1972, Munich, dhahabu nyingine. Safari hii ni mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne: Charles Asati, Munyoro Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu kati ya hao wanne ni Wagusii. Mpaka leo Kenya haijawahi kushinda tena dhahabu ya Olimpiki kwenye mbio hizo. Na hapa kuna kitu watu hawakitaji: Asati na Nyamau walikuwa kwenye timu ya 1968 iliyopata fedha, Wamarekani wakiwa mbele yao kwa zaidi ya sekunde tatu. Waliikubali ile fedha, wakarudi mazoezini miaka minne mingine. Ni kweli Munich Wamarekani hawakuwa na timu, kwa sababu wakimbiaji wao wawili walikuwa wamefungiwa. Lakini mlango ukifunguka, anayepita ni yule aliyekuwa amesimama karibu nao.

Saa ya Oslo

Sasa nakuja kwa sehemu iliyonifanya niandike hii kitu.

Tarehe 14 Julai 1965, uwanja wa Bislett, Oslo, Norway. Ron Clarke, yule yule, anakuwa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 28. Anasimamisha saa kwenye 27:39.

Fikiria dunia nzima sasa inaifukuzia hiyo namba. Ngapi zilikatwa, na kwa muda gani?

Lasse Virén wa Finland, 1972: 27:38. Miaka saba, sekunde moja na kitu. David Bedford wa Uingereza, 1973: 27:30.8. Samson Kimobwa wa Kenya, 1977: 27:30.5. Yaani Kimobwa aliandika jina lake kwenye historia kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Henry Rono, 1978: 27:22. Fernando Mamede wa Ureno, 1984: 27:13. Arturo Barrios wa Mexico, 1989: 27:08. Richard Chelimo wa Kenya, tarehe 5 Julai 1993, Stockholm: 27:07.91.

Siku tano baada ya Chelimo, tarehe 10 Julai 1993, uwanja ule ule wa Bislett. Yobes Ondieki, mzaliwa wa Kisii, miaka 32. Saa inasimama kwenye 26:58.38. Binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27.

Clarke alivunja ukuta wa 28 pale Bislett. Mgusii akavunja ukuta wa 27 pale pale, miaka 28 baadaye. Piga hesabu: sekunde 41 na nusu kwa miaka 28. Ni kama sekunde moja na nusu kwa mwaka. Wakimbiaji bora zaidi duniani, wenye makochi, madaktari na viatu vizuri, wote wakisukuma pamoja, na dunia ilisonga sekunde moja na nusu kwa mwaka.

Utaniambia: lakini Ondieki alikata sekunde tisa na nusu usiku mmoja! Si hiyo ni bahati, si hiyo ni kuruka?

Hapana. Mfuate nyuma. Seoul 1988 alifika fainali ya mita 5,000 akamaliza nje kabisa ya medali. Tokyo 1991 akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000, tena kwa kuondoka mapema na kuwaacha wote wakimtazama mgongo. Mwaka uliofuata, Barcelona, bingwa huyo huyo wa dunia akakosa medali ya Olimpiki, nafasi ya tano. Hebu fikiria maneno aliyosikia mwaka huo. Halafu 1993, Oslo. Usiku wa dakika 27 ulikuwa na miaka nyuma yake, na ndani ya hiyo miaka kulikuwa na kuanguka.

Na ujue 26:58 ni nini hasa. Ni raundi 25, kila moja kwa wastani wa sekunde 64.7. Nenda uwanja wowote wa mita 400, ukimbie raundi moja tu kwa sekunde 65. Wengi wetu tutamaliza tumeshika magoti. Sasa bado 24.

Basi kwa nini hatuko pale tena?

Hapa ndipo naingia na maoni yangu, na kama una maoni tofauti, lete.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba Wakenya wana damu ya mbio, jini fulani, miguu fulani. Leo ukisema mkimbiaji wa Kenya, watu wanafikiria Iten, Kaptagat, Eldoret. Sisi tumegeuka wa kushangilia. Lakini kama ni damu, ya Maiyoro, Temu na Ondieki ilikwenda wapi? Damu haihami kwa miaka 30. Milima ya Nyaribari na Manga iko pale pale. Ukitoka Kisii kuelekea Keroka asubuhi utaiona, ukungu juu, majani chai chini, watoto wamebeba mabegi wakipanda kwa miguu bila kuhema.

Nafikiri kilichopungua kwetu ni mpangilio wa siku. Iten kulikuwa na shule ya St Patrick's, na tangu 1976 kulikuwa na Brother Colm O'Connell, kutoka Ireland, aliyekaa miaka mingi akifundisha vizazi na vizazi vya wakimbiaji. Baadaye zikaja kambi. Kambi ni nini? Ni mahali ambapo kuamka mapema si uamuzi wako tena. Wenzako 20 wanaamka, na wewe unaamka. Eliud Kipchoge, tajiri na bingwa mara mbili wa marathoni ya Olimpiki, ameishi kambini Kaptagat miaka na miaka, anafua nguo zake, na kila zoezi analofanya analiandika kwenye daftari. Mtu kama huyo anaandika kilomita zake kwa mkono. Wewe na mimi tunataka kukumbuka zetu kwa kichwa.

Sayansi nayo inasema hivyo hivyo. Ukikimbia kila mara, mwili hujenga mishipa midogo zaidi ya kupeleka damu kwenye misuli, moyo hujifunza kusukuma zaidi kwa pigo moja. Ujenzi huo ni wa wiki na miezi. Kano ndizo huchelewa zaidi, ndiyo maana anayekimbilia kuongeza kilomita kwa fujo huumia goti au kifundo. Na ukiacha wiki mbili tatu, mwili huanza kubomoa ulichojenga. Mwili hauna akaunti ya akiba ya kudumu. Kama una shaka, angalia anayerudi uwanjani baada ya likizo ya Desemba.

Na tusiseme Wagusii wameisha. Mary Moraa ni wa hapa hapa Kaunti ya Kisii. Alianza na mita 400. Mwaka 2017 akapata fedha kwenye mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 18 pale Kasarani. Akahamia mita 800. Kwenye Olimpiki ya Tokyo hakufika fainali. Mwaka 2022 shaba ya dunia kule Eugene, halafu dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, katika mbio ambazo aliongoza, akarudi nyuma hadi watu wakamzika, kisha akaja tena na kushinda. Mwaka 2023, Budapest, bingwa wa dunia, mbele ya Keely Hodgkinson na Athing Mu. Paris 2024, shaba ya Olimpiki. Soma huo mstari tena polepole: hakufika fainali, shaba, dhahabu, dhahabu, shaba. Hata bingwa hapandi kwa mstari ulionyooka.

Njia za mkato

Najua tunaishi wapi. Hapa kila kijana ana tiketi ya beti kwenye simu na video moja anayoamini ndiyo itamtoa. Hata mimi naishi kwa hiyo video. Kizazi chetu kimefundishwa kwamba maisha hubadilika usiku mmoja. Na kwenye riadha usiku huo mmoja una jina: sindano. Kenya ilibidi iunde shirika zima la kupambana na dawa hizo, ADAK, mwaka 2016, na kila mwaka tunasoma majina mapya yaliyofungiwa. Wengi wao ni watu waliokuwa na uwezo wa kweli. Walitaka mwaka mzima uingie ndani ya mwezi mmoja.

Kama unataka kuanza kukimbia kwa kweli, sitakuambia uamke saa kumi usiku kama wale wa video za muziki wa huzuni. Anza na siku tatu kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea bila kukatika pumzi. Ongeza kidogo kidogo. Siku za polepole ziache ziwe polepole. Nunua daftari la shule, andika: tarehe, dakika, ulivyojisikia. Tafuta mwenzako mmoja wa kukugongea mlango. Baada ya mwezi hutaona chochote cha maana. Andika hata hivyo. Daftari la miezi sita ndilo litakuonyesha, kwa sababu kioo hakitakuonyesha.

Kitu cha mwisho, na hiki hakihitaji viatu. Temu alifariki mwaka 2003. Maiyoro na Ouko wote walituacha mwaka 2019. Watu waliowaona wakikimbia ni babu na nyanya zetu, na hao pia hawatangojea. Wikendi hii ukienda nyumbani, weka simu mezani, bonyeza rekodi, umuulize babu au nyanya: mlisikia vipi habari za Mexico? Nani alikuwa na redio? Mlifanya nini siku hiyo? Mimi nimeanza na wazee wa hapa Birongo. Ukipata stori, nitumie, nitaiweka pamoja na hizi namba.